Kikao mseto: Diwani wa kwenye skrini alivyopoteza kura England

MABARAZA ya madiwani ya England, nchini Uingereza, yalilazimika kupanga upya vikao vyao Mei 2021, baada ya kumalizika kwa kanuni za muda zilizomruhusu diwani kupiga kura akiwa nyumbani.

Kanuni hizo zilianza Aprili 4, 2020, kutokana na janga la Covid-19, na zilihusu vikao vya kabla ya Mei 7, 2021. Mnamo Aprili 28 mwaka huo, Mahakama Kuu iliamua kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 inamtaka diwani awepo mwenyewe mahali pa kikao.

Kikao mseto, ambacho baadhi ya washiriki huwa ukumbini na wengine kwenye intaneti, hakikufutwa. Mwananchi aliweza kufuatilia mjadala akiwa mbali. Hata hivyo, diwani aliyebaki nyumbani hakuhesabiwa katika akidi, wala hakupiga kura.

Hivyo maandalizi yalianzia kwenye viti kabla ya vipaza sauti: ukumbi wa kutosha kukaa mbalimbali, robo ya madiwani kutimiza akidi, na nafasi ya wananchi. Diwani aliyehofia ugonjwa alibaki kuchagua kati ya afya yake na kura ya waliomchagua.

Wales ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2021 iliyataka mabaraza kuweka utaratibu wa vikao vya namna hiyo, na diwani aliye mbali akahesabiwa kuwa amehudhuria.