Kabla ya Kumkaribisha Mbwa Nyumbani

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, kwa maana tumeona kwamba familia nyingi hufuga mbwa bila kufikiri kuwa mbwa naye ni sehemu ya afya ya nyumba.

Miaka mitatu iliyopita binti yetu wa tatu, aliyekuwa na miaka sita, aliumwa mguuni na mbwa asiyejulikana akitoka shuleni. Watu walimpiga mbwa yule mpaka akafa, wakamzika kabla ya jioni. Jirani mmoja akatuletea pilipili ya kusaga tuipake kwenye jeraha, nasi tukaipaka tukidhani tunasaidia. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo, ikatubidi kusafiri siku ya pili. Kwa kuwa mbwa alikwisha kuzikwa, hakuna aliyeweza kutuambia kama alikuwa mgonjwa au mzima, hivyo mtoto alichomwa sindano zote. Jeraha lilipona, lakini hofu ilibaki. Tangu siku ile alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya boma lenye mbwa.

Kwa hiyo mwaka jana, wezi walipochukua kuku wetu wote na baba wa nyumba akasema tutafute mbwa, hapakuwa na amani. Mama alikataa kwa ajili ya mtoto. Bibi naye alisema, "Wanangu, mbwa huleta viroboto, na viroboto huleta maneno." Mwishowe tulikubaliana jambo moja: kama ni lazima, basi tusichukue mbwa wa barabarani ambaye habari zake hazijulikani.

Makao ya wanyama

Baadhi ya wasomaji hawajui kwamba kuna mahali mbwa na paka waliotupwa au kupigwa hupokelewa na kutunzwa mpaka wapate mwenyeji mpya. Jijini Nairobi kazi hiyo hufanywa na chama kijulikanacho kwa herufi KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Sehemu nyingine yako makao madogo, na sisi tulikwenda kwenye moja ya hayo.

Tulifikiri sisi ndio tutakaouliza maswali. Kumbe tuliulizwa sisi. Je, boma lenu lina ua? Nani atampa chakula? Atalala wapi mvua ikinyesha? Mtamfunga mnyororo mchana kutwa? Watoto wana umri gani? Tulipomweleza mtunzaji habari za binti yetu hakutufukuza. Alituonyesha mbwa dume wa miaka kama mitatu, aliyekaa kimya pembeni wakati wenzake wakirukaruka. Alisema, "Huyu alipigwa sana. Anaogopa fimbo, lakini watu hawachukii."

Tulipewa na kadi yake. Iliandikwa tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe ya dawa ya minyoo, na kwamba amehasiwa. Tuliiweka mfukoni kama risiti tu. Hatukujua siku moja tutaitafuta kwa mikono inayotetemeka.

Watoto walimwita Tobi. Bibi aliridhika kidogo na jina hilo, kwa sababu anakumbuka kwamba katika Kitabu cha Tobiti yupo mbwa aliyefuatana na Tobia safarini.

Wiki za kwanza

Wiki ya kwanza Tobi hakula mchana. Alijificha chini ya jukwaa la tangi la maji, akatoka usiku tu. Bibi aliposhika ufagio kufagia uwanja, mbwa alilala chini na kujikojolea. Bibi aliuweka ufagio chini, akasimama akimtazama. Tangu siku hiyo hufagia Tobi akiwa nyuma ya nyumba.

Binti yetu alimtazama kwa dirishani. Nadhani wote wawili walijuana kwa hofu yao. Siku moja aliomba aweke yeye sahani ya chakula. Aliiweka chini, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Hatukumsukuma. Baada ya kama miezi miwili tulimkuta ameketi ngazini, na Tobi amelala hatua tatu mbele yake. Tukadhani mambo yamekwisha.

Siku ya msiba mdogo

Mwezi wa tatu shangazi ya watoto alikuja na mwanawe wa miaka minne. Sisi wazazi tulikuwa ndani tukinywa chai. Mtoto akamwendea Tobi aliyekuwa akitafuna mfupa, akaushika ili amnyang'anye. Tobi alimwuma mkononi, na damu ikatoka.

Shangazi alilia kwa uchungu, "Kaka, mmefuga mnyama wa kutuulia watoto!" Majirani walifika na marungu. Baba mwenyewe alikwisha kuokota jembe. Ndipo binti yetu, yule aliyeumwa zamani, akatoka chumbani na ile kadi. Alisema, "Baba, mkimwua hatutajua tena, kama ile siku yangu."

Maneno hayo yalitusimamisha. Safari hii hapakuwa na pilipili. Tulimwosha mtoto kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ingawa alipiga kelele, kisha tukampeleka hospitali pamoja na kadi ya mbwa. Tabibu aliisoma, akasema ni habari njema, lakini chanjo ya mtoto haingoji: ataanza leo, na mbwa afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe kwa siku 10. Mbwa mwenye kuambukiza wakati wa kuuma huugua wazi au kufa ndani ya siku hizo.

Tulizihesabu siku zile kama watu wanaosubiri barua. Kila asubuhi binti alikwenda kutazama kama Tobi amekula, na kila jioni tulimpigia shangazi simu. Siku ya 10 Tobi alikuwa mzima, na tabibu akasimamisha sindano zilizobaki. Tulikwenda kwa shangazi kuomba radhi. Kosa halikuwa la mbwa peke yake. Lilikuwa letu, tuliomwacha mtoto mdogo peke yake na mbwa anayekula.

Kichaa cha mbwa ni nini?

Ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kushambulia ubongo. Kwa binadamu, karibu maambukizo yote hutoka kwa mbwa. Dalili kwa kawaida huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuanza baada ya wiki moja au kukawia mwaka mzima. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla hazijaanza, chanjo ikitolewa mapema na kikamilifu huokoa. Louis Pasteur alimpa mtoto wa miaka 9 chanjo hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1885, na siku ya kifo chake, Septemba 28, ndiyo sasa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2014, ikilenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030.

Mambo ya kukumbuka

1. Kabla ya kuchukua mbwa, popote atokako, uliza: amechanjwa lini? Amepewa dawa ya minyoo? Kama hakuna kadi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, kisha urudie chanjo kwa tarehe atakayokuandikia.

2. Mbwa aliyeteswa huhitaji miezi, si siku. Mpe pembe yake tulivu, na mwache akusogelee mwenyewe.

3. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hasa mbwa akila, akilala au akiwa na watoto wake.

4. Mbwa asipewe matumbo, maini au mapafu mabichi. Humo huwamo malengelenge ya minyoo ya tegu, ambayo hurudi kwa watu kupitia kinyesi cha mbwa. Turkana imeteseka sana kwa ugonjwa huo. Chemsha vizuri au uzike, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

5. Mtu akiumwa au kukwaruzwa: osha kwa sabuni na maji dakika 15, usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa, usilifunge jeraha kwa kubana, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

6. Mbwa anayebadilika tabia ghafla, anayeuma bila kuchokozwa, anayetokwa mate mengi au kushindwa kumeza, msimguse. Wafungieni watoto ndani na mwite afisa wa mifugo.

Leo binti yetu hupita njia fupi kwenda shule. Bibi bado anasema mbwa asivuke kizingiti, lakini ukoko wa ugali haumwagwi tena jalalani. Kadi ya Tobi tumeiweka katika bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Nanyi wasomaji, tazameni kadi ya mbwa wenu wiki hii. Kama hamna, anzeni hapo. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, tiba hakuna.