Karamu ya kanga iko chini ya udongo

Agosti inapoingia, uwanda ulio kusini mwa Kitengela, kaunti ya Kajiado, hubadilika rangi. Nyasi hugeuka rangi ya mkate, na udongo mweusi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ndama. Asubuhi na mapema kundi la kanga hushuka kutoka kwenye migunga ya mtoni, hutembea kwa mstari hadi kwenye kibonde kilichoshika maji wakati wa masika, kisha huanza kufukua kwa kucha na midomo. Mbegu za juu ya ardhi zimekwisha zamani. Wanachokitafuta kiko sentimita chache chini: kiazi kidogo, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho mkulima wa hapa hukilaani kila anaposhika jembe. Ni kiazi cha ndago.

Ndago hufanana na nyasi lakini si nyasi. Ukikata shina lake na kulizungusha kati ya vidole utahisi pembe tatu, wakati shina la nyasi ni mviringo. Jina hilo moja hubeba mimea miwili ya ukoo mmoja, na kuichanganya kuna hasara. Wa kwanza ni Cyperus rotundus, wenye ua la rangi ya zambarau iliyochakaa. Viazi vyake hushikana kama shanga kwenye uzi na ni vichungu. Wa pili ni Cyperus esculentus, wenye ua la manjano; kila kiazi hukaa peke yake kwenye ncha ya mzizi, na ukikitafuna una utamu wa lozi na nazi. Huu wa pili uliliwa Misri ya kale, ambako viazi vyake vimekutwa makaburini. Wahausa wa Nigeria huuita aya na hutengeneza kinywaji chake. Huko Valencia, Hispania, unalimwa mashambani, na jina lake ni chufa.

Jina hilo la Kihispania linajulikana vizuri kwa wawindaji wa kusini mwa Marekani, ambao hununua viazi vya chufa kwa magunia na kuvipanda kwa ajili ya bata mzinga wa porini. Hutafuta kipande cha robo ekari au zaidi kando ya msitu, chenye udongo mwepesi wa kichanga, na hupanda kati ya Aprili na Julai. Baada ya miezi mitatu hivi viazi hukomaa, majani hukauka, na ndege hupaswa kujichimbia wenyewe. Bata mzinga ambao hawajawahi kuiona chufa wanaweza kupita juu yake bila kujua kilichopo, kwa hiyo mwenye shamba hung'oa mashina machache na kuyaacha juu, viazi vikining'inia. Wakishaonja, hurudi mpaka shamba lionekane kama limepigwa mabomu. Mwaka unaofuata linaburuliwa haro na kutiwa mbolea, na viazi vilivyosazwa huota vyenyewe.

Hata hivyo, si chufa iliyowarudisha bata mzinga Marekani. Mwaka 1973, shirika la National Wild Turkey Federation lilipoanzishwa, walikuwa kati ya milioni moja na mbili. Miongo mitatu baadaye walikaribia milioni saba. Kilichofanya kazi kubwa ni kukamatwa kwa ndege wa porini na kuhamishiwa kwenye misitu ambako walikuwa wametoweka, pamoja na sheria kali za uwindaji. Nafasi ya kuishi ilitangulia, shamba la chakula likafuata. Yeyote anayetaka kuiga jambo hilo Kajiado anahitaji kukumbuka mpangilio huo.

Kajiado haina bata mzinga wa porini, lakini ina binamu yake, na undugu huo umeandikwa hadi kwenye majina. Neno meleagris lilikuwa jina la kanga kwa Wagiriki wa kale, waliosimulia kwamba dada zake shujaa Meleager waligeuzwa ndege kwa kilio, na madoa ya manyoya ni machozi yao. Wataalamu wa Ulaya walipompa jina ndege mkubwa wa Amerika, walimwita Meleagris gallopavo. Kanga wetu naye ni Numida meleagris. Waswahili waliyaona madoa yayo hayo wakayatazama kwa furaha: wengi husema leso iliitwa kanga kwa sababu vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoadoa kama ya ndege huyu.

Undugu huo umo tumboni pia. Kusini mwa Afrika, watafiti waliopasua vifuko vya chakula vya kanga walikuta viazi vya ndago vikiwa sehemu kubwa ya mlo wao. Kwale mwenye shingo ya manjano, anayepiga kelele za kukwaruza alfajiri juu ya vichuguu vya uwandani, naye huvichimba. Hali kadhalika ngiri, nungunungu na nyani. Hakuna haja ya kumwonyesha kanga wa Kitengela shina lililong'olewa. Alifundishwa na mama yake.

Je, basi mwenye ardhi Isinya au Kisaju aagize chufa na kuipanda? Jibu la makala haya ni hapana, bila kusitasita. Huko Minnesota, Marekani, watafiti walipanda kiazi kimoja tu cha chufa. Katika mwaka mmoja kilizaa mimea ipatayo 1,900 na viazi vipya karibu 7,000. Mwindaji mwenye mamia ya ekari za msitu anaweza kuvumilia hilo. Mkulima wa sukuma wiki mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia hawezi, wala jirani yake hawezi, kwa sababu ndago haijui mpaka. Kuingiza viazi kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la afya ya mimea, na kibali hicho kipo kwa sababu nzuri. Tena ndago tayari iko: kwenye vibonde, kando ya mabwawa ya ng'ombe, kwenye mitaro ya barabara, na katika kila shamba lililoachwa msimu mmoja bila kupaliliwa.

Kazi iliyobaki ni kumfungulia kanga ghala. Udongo mweusi wa uwanda huu wa Kaputiei ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mdomo wa ndege hauupenyi. Ndiyo maana kanga hupenda mashamba yaliyolimwa, na ndiyo maana husingiziwa kwamba wamekuja kula mahindi, hata pale wanapofukua magugu. Mwenye ardhi atembee mara mvua inapoelekea kwisha, mwishoni mwa Mei au Desemba, atafute mahali palipoota mashina ya pembe tatu, mbali na bustani yake. Udongo ungali na unyevu, atifue kwa jembe ukanda wa hatua mbili au tatu kwa upana, kina cha kiganja, kisha aruke ukanda kama huo bila kuugusa, na kuendelea hivyo. Penye ukanda uliotifuliwa kanga watakula. Penye ukanda ulioachwa ndago itabaki na mbegu yake ya mwaka kesho. Dawa ya kuua magugu isifike hapo kabisa.

Chakula cha kanga wakubwa hakitoshi, maana kifaranga wa kanga halishwi viazi. Katika majuma yake ya kwanza anahitaji wadudu: panzi wadogo, mchwa, viwavi. Mama hutaga chini, mara nyingi mayai sita hadi kumi na mawili au zaidi, na huyaatamia kwa siku 26 hadi 28, akiwa amejificha kwenye nyasi ndefu wakati wa mvua. Nyasi zikilishwa hadi udongoni, hana pa kujificha. Hapa Wamaasai wana mpango uliokuwapo kabla ya mtaalamu yeyote kufika: olopololi, malisho ya akiba karibu na boma, yanayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Nyasi zake huachwa zirefuke majirani wakilisha kwingine. Ukanda wa ndago uliotifuliwa pembeni mwa olopololi, penye migunga ya kulala usiku na maji ya kufikika kwa miguu, unampa kanga karibu kila anachohitaji. Mbwa wanaozurura usiku wafungwe, la sivyo kazi yote ni bure.

Ugumu wa kweli uko kwenye uzio. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 mjini Kitengela, na ardhi iliyokuwa ya ranchi ya pamoja imegawanywa vipande vidogo na kuzungushiwa waya. Nyumbu wa uwanda wa Athi-Kaputiei walizidi 26,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2014 hawakufika 3,000. Kanga anajua kuruka, kwa hiyo amevumilia kuliko nyumbu, lakini vifaranga wa siku kumi hutembea, na waya wenye matundu madogo uliogusa ardhi huwatenga na mama yao. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa The Wildlife Foundation uliwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe uzio wala kuuza. Ulibuniwa kwa ajili ya pundamilia na nyumbu wanaotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, lakini kila ekari iliyobaki wazi ilikuwa njia ya kanga pia. Asiyeweza kuondoa uzio anaweza angalau kuinua waya wa chini kiganja kimoja upande wa kibonde.

Karamu hii haina mwindaji mwishoni. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani, na hata kuwinda kwa kitoweo. Anayetaka kufuga kanga kwa nyama au mayai huomba leseni ya KWS, shirika la wanyamapori. Anayetaka tu kuwaona shambani mwake ataangalia ukanda wake Julai au Agosti: akikuta vishimo vidogo vingi, maganda meusi ya viazi yametapakaa, na pembeni unyoya mmoja wa kijivu wenye madoa, wamefika.