Hodi, na Mkasi Uko Mkekani

Ilikuwa likizo ya Desemba, saa kumi jioni, nami nimebakiza safu mbili tu. Uso wa mfarishi wa viraka nilikuwa nimeutandaza juu ya mkeka sebuleni, na mkasi uko pale pale juu yake, mdomo wazi. Ikapigwa hodi. Kumbe ni kaka yangu na mkewe, wametoka Morogoro na watoto. Nikainuka, nikapokea mizigo, nikaenda kubandika maji ya chai. Niliporudi, binti yao wa miaka minne alikuwa ameketi katikati ya kazi yangu, mkasi uko mapajani, na kiganjani ana mbayuwayu. Alikuwa amemkata kwenye kitenge kwa ustadi wa ajabu, akifuata ubawa, akazunguka mkia.

"Shangazi," akaniambia kwa fahari, "nimemtoa ndege."

Wifi yangu alitaka kumchapa hapo hapo. Nilimzuia, na si kwa huruma tu. Mtoto aliona ndege, akaona mkasi, na tangu aingie alikuwa amewaona watu wazima wakishangilia. Mimi ninayewafundisha wenzangu kushona, ambaye kila siku huwaambia mkasi hufungwa kabla hujainuka, ndiye niliyeuacha wazi. Tangu siku ile nimekuwa nikiichunguza ile dakika ya hodi. Tunaposhona, macho na mikono yetu viko kwenye kazi, na mtoto akisogea tunamwona. Madhara mengi huja baada ya kuinuka "mara moja tu", kumpokea mgeni, kuipua sufuria au kupokea simu. Kwa hiyo nitaeleza jinsi ya kuiacha kazi salama unapoinuka, kama fundi anayefanya kazi nyumbani, si kama mwenye karakana.

Kwanza niseme mfarishi wenyewe ni kitu gani, maana wengi huuona ni shuka lenye madoido. Una matabaka matatu. Juu ni uso wa viraka vilivyoungwa, katikati ni pamba nyembamba, na chini ni kitambaa kizima cha kufunika. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono inayopita yote matatu. Ukitaka mfarishi wa sentimita 210 kwa 240, na kila kiraka kikikamilika kiwe sentimita 15 kila upande, unahitaji safu 16 za viraka 14, yaani viraka 224. Kabla ya kuviunga, unavipanga chini hadi rangi zikubaliane. Hapo hakuna kinachovishikilia isipokuwa uzito wao wenyewe. Mtoto akikimbia juu yake mara moja, au feni ikawashwa, kazi ya siku mbili inageuka lundo la vitambaa.

Vitabu vya Wamarekani kuhusu ushonaji huu hutoa shauri jepesi: funga mlango wa chumba cha kushonea. Shauri zuri kwa mwenye chumba. Kwetu sebule ndiyo karakana, ndiyo chumba cha wageni, na usiku godoro la watoto wa likizo hulazwa hapo hapo. Sasa utafunga mlango gani?

Zamani, hata hao Wamarekani wengi wao hawakuwa na chumba hicho. Huko Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kilicho kwenye pindo la mto Alabama, akina mama walishona mifarishi ya nguo kuukuu ndani ya nyumba ndogo zilizojaa watoto. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York, na watu waliokuwa wakiziita mablanketi ya maskini wakaanza kuziita sanaa. Mimi huvutiwa zaidi na fremu. Katika nyumba nyingi za kusini mwa Marekani, mfarishi ulifungwa kwenye miti minne, na miti ikaning'inizwa darini kwa kamba. Wakati wa kushona fremu ilishushwa hadi usawa wa magoti. Kazi ikiisha ilipandishwa, na watu wakapika, wakala na kulala chini yake. Bibi wengi wa huko wanakumbuka utoto wao wakiwa wamekaa chini ya fremu, wakitunga uzi kwenye sindano ambazo macho ya wakubwa hayakuweza tena kuzitunga.

Hapo kuna mambo mawili ya kuiga. Kazi ilipanda juu, na mtoto alikuwa na kazi yake chini. Mambo mengine yote ninayoyajua yanatokana na hayo mawili.

Juu, kwangu, si darini, kwa sababu kuna feni. Ninatumia fito mbili za urefu wa mita mbili na nusu. Uso ulioungwa nauviringisha kwenye fito kama mkeka, upande wa rangi ukiwa ndani, nafunga kwa vipande vitatu vya kitambaa na kuuweka juu ya kabati. Haichukui dakika mbili, tena afadhali kuliko kukunja, kwani hakuna alama za mkunjo za kupigia pasi kesho yake. Viraka ambavyo havijaungwa navipiga picha kwa simu kama vilivyolala, kisha nakusanya kila safu kuanzia kushoto, napitisha uzi mmoja katikati ya rundo na kubandika karatasi yenye namba ya safu. Kwa hiyo nina marundo 16 kwenye ndoo yenye kifuniko. Hata ndoo ikipinduliwa, picha ipo.

Sasa cherehani. Ya miguu ina hatari ambayo wazazi wengi hawaijui, kwa sababu wao huogopa sindano. Mtoto haanzi na sindano. Anaona kanyagio la chuma, pana, linalocheza mbele na nyuma, na kwake hiyo ni bembea. Anakalia kanyagio na kujisukuma, huku mwenzake ameshika gurudumu kubwa linalozunguka pembeni. Vidole huingia kati ya gurudumu na mkanda, au kwenye spoki, na huku juu sindano inapanda na kushuka bila mtu. Dawa ni kuutoa mkanda kwenye gurudumu. Unausukuma pembeni kwa kidole huku ukizungusha taratibu, nao unaruka wenyewe. Baada ya hapo kanyagio litabembea lakini kichwa cha cherehani hakitaenda popote. Kama meza yako ni ile ya kukunjia kichwa ndani, kikunje. Watengenezaji wa zamani walijua walichokuwa wakikifanya. Ya umeme ni rahisi zaidi: chomoa waya ukutani, usiishie kuzima swichi tu, halafu pandisha pedali mezani. Pedali iliyobaki sakafuni itakanyagwa, na anayeikanyaga huwa si yule aliyeweka kidole chini ya sindano.

Kuna kifaa kimoja nakiogopa kuliko mkasi. Ni kisu cha gurudumu, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikiingiza sokoni mwaka 1979 na washonaji wa viraka duniani kote wakakipenda. Gurudumu lake, mara nyingi la milimita 45, hukata matabaka kadhaa ya pamba kwa mpito mmoja. Tatizo ni sura yake. Mkasi na kisu cha jikoni mtoto amekwishaambiwa ni vikali, lakini hiki kina mpini wa rangi ya kuchekesha na tairi, kama kigari. Kifunge kila unapokiweka mezani, hata kama ni kwa sekunde tatu ili usogeze rula. Wembe wake uliochakaa usiutupe kwenye ndoo ya taka ukiwa wazi. Uzungushie utepe wa gundi na uutie kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Sindano zilizovunjika pia ziende humo, na tafuta vipande vyote viwili, kwa sababu kile cha ncha ndicho kinachoingia mguuni.

Kuhusu pini, zihesabu. Najua inaonekana ni kazi ya kichaa. Lakini mimi natumia pini 50, wala si zaidi, na jioni lazima ziwe 50 kwenye mto wake. Nikikuta 49, ninapitisha sumaku sakafuni. Mafundi wengi wa mtaani wana sumaku ya spika mbovu, ile nyeusi ya duara, kubwa kama kitumbua. Hiyo ni nzuri, haimezeki. Nawasihi tu wasivizoee hivi visumaku vidogo vinavyong'aa, vyenye nguvu nyingi. Mtoto akimeza kimoja huenda kikapita. Akimeza viwili, vinaweza kuvutana vikiwa kwenye sehemu mbili za utumbo, vikaubana katikati hadi utoboke. Betri bapa zinazofanana na kifungo, za taa ndogo ya cherehani au mizani, ni hatari zaidi: zikikwama kwenye koo la chakula zinaweza kuanza kuunguza ndani ya saa mbili. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu nina kipimo cha jumla. Chukua bomba la katikati ya karatasi ya chooni. Kifungo, bobini au kofia ya kalamu ikipita humo, isikae pale anapofika.

Mtoto akimeza kitu, usimtapishe, wala usimlishe ndizi au tonge la ugali "ili kisukume". Mpeleke hospitali na ubebe kinachofanana na alichomeza. Ukiwa huna hakika kama ni sarafu au betri, ichukulie ni betri. Sindano ikivunjikia mguuni, usiichokonoe. Itahitaji picha ya eksirei, na kadi ya kliniki iende naye ionekane kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo ndani yake mna ya pepopunda, alizimaliza. Akiungua kwa pasi, weka mkono wake chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, mtoto atalia, jirani atakuja na dawa ya meno. Mshukuru, na dawa yake iwekwe kando. Na pasi yenyewe, hata ukishaizima, inabaki na moto wa kutosha kuunguza. Mahali pake ni juu ya kabati, waya umezungushwa, usining'inie kama mkia.

Madoa nitayapitia upesi. Maziwa, uji na damu ni maji ya baridi. Ukianza na ya moto umelipikia doa ndani ya uzi. Wino wa kalamu hutoka kwa spiriti, lakini jaribu kwanza kwenye pembe ya kitenge uone kama rangi haivuji. Utomvu wa embe mimi huwa siushindi. Ninabadilisha kiraka.

Hapo ndipo kosa langu la pili la Desemba lilipojificha. Kiraka kilichoharibika hufumuliwa mishono yake minne na kingine kikaingia. Ili uweze kufanya hivyo lazima uwe umeweka akiba ya kila kitambaa, walau viraka viwili, hadi mfarishi umfikie mwenyewe. Kitenge cha mbayuwayu nilikimaliza chote. Niliwatafuta ndege wale Kariakoo nzima kwa siku mbili, nikapata wanaofanana nao lakini wa bluu.

Kabla sijasema nilivyofanya, turudi kwa yule binti. Kesho yake alinifuata tena mkekani, nikajua kumfukuza hakutasaidia. Nikampa kazi yake. Kipande cha boksi nimekitoboa matundu, kamba ya kiatu, na mfuko wa masalio yangu, akiambiwa kwamba mfuko ule ni wake peke yake na huu mkeka ni wangu peke yangu. Nilimfungia mpaka kwa kanga iliyokunjwa ndefu. Watoto huheshimu mpaka wanaouona kuliko neno "usiguse", ambalo wanalisikia kutwa mara mia. Kaka yake wa miaka saba nilimpa sindano yenye ncha butu na vifungo vikubwa avipange kwa rangi. Walinipa karibu dakika 40 za amani, halafu wakachoka, nami nikafunga kazi. Usitegemee zaidi ya hapo.

Ndege nilimrudisha. Niliweka kitambaa cheupe cha pamba chini ya tundu, nikalipiga pasi, nikamlaza mbayuwayu mahali pake na kumpiga bandi. Hakuenea sawasawa. Mkasi ulikuwa umekula kidogo kila upande, hivyo mstari mweupe ukabaki ukimzunguka. Nikaufunika kwa uzi mweusi wa darizi, mishono midogo ya mkono, ubawani hadi mkiani, kazi ya usiku mzima.

Mteja alipokuja kuuchukua nilimpa bei pungufu, nikiwa nimejiandaa kumweleza mkasa wote. Aliutandaza kwenye kochi, akapitisha kidole juu ya ule uzi mweusi, akaniuliza kwa nini wale mbayuwayu wengine sikuwatilia.