Kari, Pulpiti na Abse: Ugonjwa Mmoja, Majina Matatu

Mtu wa Kalundu aliyesumbuliwa na jino, akienda kwa mganga wa meno mjini Uvira, huweza kurejea nyumbani na karatasi yenye neno moja la Kifaransa ambalo hakufasiriwa: kari, au pulpiti, au abse, na kwa kuwa halifahamu, hudhani kwamba yeye aliyeandikiwa kari na jirani yake aliyeandikiwa abse wana maradhi mbalimbali, ilhali ni maradhi yale yale yaliyotofautiana umri. Inafaa basi kuyafasiri majina haya kwa mfuatano wake, kwani alijuaye jina hujua pia amebakiwa na muhula gani wa kuliokoa jino lake.

Jino si mfupa mtupu. Kwa nje limevikwa enameli, gamba jeupe ambalo ni gumu kuliko kitu chochote katika mwili wa binadamu, lakini halina uhai, na kwa hiyo likitoboka haliwezi kujijenga upya kama uungavyo mfupa uliovunjika. Chini yake iko dentini, iliyo laini zaidi, na katikati kabisa kimo kiini, ndiyo pulpa ya waganga, chenye mishipa ya damu na ya fahamu iliyopandia katika mizizi.

Zamani, huku kwetu na Ulaya vilevile, watu walisadiki kwamba jino hutobolewa na mdudu, hata Pierre Fauchard, tabibu wa Kifaransa, alipoikanusha itikadi hiyo mwaka 1728, na Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya uchunguzi wake Berlin, akabainisha mwaka 1890 kwamba mharibifu ni asidi. Katika ugaga, yaani utando unaonata juu ya meno, vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huila sukari tunayoila sisi na kuigeuza asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya enameli. Mate huyarudisha madini hayo kidogo kidogo, na florini iliyomo katika dawa ya meno husaidia. Lakini atafunaye muwa wa bonde la Ruzizi au anywaye chai ya sukari mara kwa mara mchana kutwa huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi yake.

Kari ni tundu lililokwisha kufunguka. Likiwa bado katika enameli haliumi; likifika dentini, maji baridi na vitu vitamu huchoma kwa nukta chache, kisha maumivu hukoma. Huu ndio wakati wa kwenda, kwani mganga hukwangua palipooza, akaliziba tundu, na jino likabaki hai.

Jina linaloishia kwa iti hutaja uvimbe wenye moto: gingiviti ni ya ufizi, na pulpiti ni ya kiini. Hapo maumivu huja yenyewe, hasa usiku, wala hayaondoki upesi. Kuziba peke yake hakutoshi, bali kiini hutolewa na njia za mizizi zikasafishwa na kuzibwa, au jino hung'olewa.

Kiini kikifa, maumivu huweza kutulia ghafula, na hapa ndipo wengi hudanganyika, wakamshukuru Mungu kwa afya ambayo hawajaipata, kumbe usaha unakusanyika kwenye ncha ya mzizi. Hiyo ndiyo abse. Vidonge vya kuua vijidudu vinunuliwavyo sokoni havimalizi maradhi ikiwa chanzo kimeachwa ndani ya jino. Na uvimbe ukishuka chini ya taya pamoja na homa, au mgonjwa akishindwa kumeza, kupanua kinywa au kuvuta pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, kwa maana hatari si ya jino tena, ni ya roho.

Wazazi nawausia jambo moja zaidi. Mtoto atimizapo takriban miaka 6 huota magego nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino la zamani kung'oka, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kimakosa pamoja na yale 20 yatakayobadilishwa. Kumbe magego hayo ndiyo ya ukubwa, hayana badala. Yapigwe mswaki mara mbili kila siku kwa dawa yenye florini, na likionekana juu yake doa jeupe lisilong'aa, mtoto apelekwe upesi, kwani enameli iliyofikia hapo tu bado yaweza kuponywa bila kuchimbwa.