Afishi ya lishe na mama asiye na kitu

Katika vituo vya afya na hata katika makanisa yetu tunaona afishi za lishe zimebandikwa ukutani: yai, maziwa, samaki, chungwa, na maneno ya Kifaransa chini yake. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mama ambaye leo ana unga wa muhogo na sombe tu, atafanya nini nayo? Yakobo, katika sura ya pili, anawakemea wanaomwaga mwenye njaa kwa maneno mazuri na mikono mitupu. Hata afishi inaweza kufanya hivyo.

Tuangalie ugonjwa wa konzo. Unapooza miguu yote miwili kwa ghafula, na miguu hiyo haiponi tena. Jina lake ni la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Unashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa, na umeonekana hata Kivu ya Kusini.

Sababu yake inajulikana. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukilowekwa siku tatu ao nne na kuanikwa vizuri, sumu inatoka. Basi mafundisho yalisema: loweka siku tatu. Ni sawa kabisa. Lakini kule Kwango wamama walipunguza siku hizo, kwa sababu kuna njaa nyumbani, ao lori la Kinshasa linangoja mizigo. Tena pasipo samaki wala maharagi, mwili unakosa kinachousaidia kuishinda sumu. Mama yule hakukosa akili. Alikosa siku tatu.

Ndiyo maana tunasifu afishi nyingine, ya michoro, iliyotokana na kazi ya Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia, na wenzake. Haimwambii mama anunue kitu. Aweke unga katika beseni, ausawazishe, atie alama ndani pale unga unapofika. Amimine maji huku akikoroga: unga unashuka kwanza, kisha unapanda. Ukirudi kwenye alama, aache maji. Autandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, kwa muda wa masaa mawili juani ao masaa matano kivulini. Sumu nyingi inaondoka na hewa. Asonge fufu siku ileile, maana unga wenye maji haukai.

Mwaka 2010 wamama wa Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, walianza kufanya hivyo, wakifundishwa na watu wa Pronanut. Katika muda wote wa uchunguzi hapakuonekana mgonjwa mpya wa konzo.

Basi ninyi wa idara ya wamama, mkiletewa karatasi za lishe, msizigawe kwanza. Pelekeni moja jikoni kwa dada aliye na kidogo kuliko wote, afanye inavyosema mbele ya macho yenu. (Kama hajui kusoma, ndiyo vizuri zaidi: mtajua kama michoro inasema.) Ikimtuma sokoni kabla ya mstari wa pili, irudisheni kwa walioileta.

Na afishi ile nzuri haiongezi hata kikombe kimoja cha unga. Maharagi na ndagala bado vinahitajika. Kapu la idara liko mlangoni kila Jumapili.