Hata Nyumba ya Chumba Kimoja Inahitaji Kibali

Wenye ploti wengi Molo, Kaunti ya Nakuru, hudhani nyumba ya mbao na mabati ya chumba kimoja haihitaji kibali kwa kuwa ni ndogo. Sivyo. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, kifungu cha 57, inakataza kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, jela miezi 2, au zote mbili. Wapo wanaotaka maskini wasamehewe masharti yote. Siafiki: kwa baridi ya Molo jiko huwashwa ndani, mbao hushika moto upesi, na choo kilichochimbwa karibu na kisima humdhuru jirani, nyumba iwe kubwa au ndogo. Ila gharama ya ramani na ada humsukuma mnyonge kujenga kwa kujificha, na nyumba iliyofichwa haikaguliwi. Kwa hiyo kaunti ichore ramani chache za nyumba ndogo, iziidhinishe mapema, izitoe bure. Hata Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Nawe uliyewasilisha ombi la kibali, tunza stakabadhi yenye tarehe: usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu kuwa umekubaliwa.