Kulala Chumbe, kisiwa kisicho na waya wa umeme wala kisima: kweli au si kweli?

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kilomita kama 12 kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Msitu umekifunika karibu chote. Mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 bado umesimama, na wageni hulala katika mabanda 7 yaliyoezekwa makuti. Hakuna waya wa umeme unaofika huko, wala bomba la maji, wala kisima. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi wa kisiwa hicho kuwa hifadhi ya bahari, na msitu wake nao ukawekwa chini ya ulinzi.

Maisha ya mahali kama hapo husemwa mengi. Kuna wanaoyaona mateso, na kuna wanaoyaona anasa ya wageni kutoka Ulaya. Nayapima hapa madai yanayosikika zaidi, kwa sababu naamini Chumbe inatuhusu sisi tunaoishi pwani kuliko inavyomhusu mtalii.

Dai la 1: Kisiwa kisicho na kisima hakikaliki.

Si kweli. Chumbe haina maji matamu ardhini, lakini mvua inanyesha. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Unguja hupata takriban milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea lita zipatazo 150,000. Hata sehemu yake ikipotea njiani, kinachobaki si haba.

Mabanda ya Chumbe yalijengwa kwa hesabu hiyo. Maji ya paani huchujwa kwa kokoto na mchanga, huhifadhiwa katika birika lililo chini ya banda, kisha hupandishwa kwa pampu ya mkono. Ya kuogea hupashwa moto na jua. Akiba ni ile iliyokingwa msimu wa mvua. Hakuna lori la maji la kuitwa, na mgeni huoga akilijua hilo.

Dai la 2: Choo kisichovutwa maji lazima kinuke.

Si kweli, mradi kitunzwe. Uvundo wa choo hutokana na kinyesi kuoza ndani ya majimaji bila hewa. Choo cha mboji hufanya kinyume chake. Mtu akimaliza haja hutupia konzi ya majani makavu au mboji, bomba la hewa hutoa unyevu nje, na vijidudu vinavyohitaji hewa hugeuza taka kuwa mboji. Anayepuuza majani, au anayemwaga maji ndani, ndiye anayeleta harufu.

Faida kubwa iko baharini. Jiwe la matumbawe lina matundu kila mahali, na kinachomwagwa chini leo hakikawii kufika pwani. Rutuba ya maji machafu huotesha mwani, na mwani ukistawi husonga matumbawe. Ndiyo maana hata maji ya bafuni hupitishwa kwenye vitalu vya mimea inayokula rutuba nyingi kabla ya kuzama ardhini.

Dai la 3: Umeme wa jua ni wa kubahatisha, wa gridi ndio wa uhakika.

Si kweli. Unguja hutegemea umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Desemba 2009 hitilafu iliukata umeme huo, na Unguja ikakaa bila umeme takriban miezi 3, hadi Machi 2010. Mwenye uwezo aliwasha jenereta. Asiye nao alirudi kwenye kibatari. Nyumba yenye paneli na betri zake haina haja ya kuungoja waya huo.

Lakini umeme wa jua una kipimo chake. Kilichojazwa kwenye betri mchana ndicho chote ulicho nacho usiku. Kinatosha taa, hakitoshi kiyoyozi wala pasi. Chumbe walilimaliza suala la joto kwa ujenzi: banda lina paa refu la makuti, na upande wake wa mbele hufunguka kuelekea baharini ili upepo uingie.

Dai la 4: Ukishalipa, boti itakufuata saa yoyote utakayo.

Si kweli. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar hupishana hata mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Maji mafu yakiingia, tofauti hupungua sana. Saa ya kushuka chomboni, ya kuogelea juu ya mwamba na ya kutembea kwenye maji yaliyokupwa, zote hupangwa kwa kuiangalia bahari. Kusi likichachamaa, nahodha mwenye busara husubiri. Kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri asiuweke usiku wake wa mwisho kisiwani.

Dai la 5: Usiku msituni kuna wanyama wa kukudhuru.

Si kweli. Chumbe haina wanyama wakali. Maarufu wa usiku ni kaa wa minazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, ambaye anaweza kufikia kilo 4. Hupanda miti na ana gando la kufungulia nazi, lakini hamwindi mtu. Maji ya bahari hayawezi tena: kaa mzima akitumbukia huzama. Kwingi duniani ameliwa hadi kuadimika, na Chumbe ni mojawapo ya mahali ambapo bado wapo wengi. Msituni pia walihamishiwa paa nunga, mnyama anayepatikana Zanzibar na pwani ya Kenya pekee.

Wa kuogopewa zaidi ni mgeni mwenyewe. Matumbawe mengi magumu hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Unyayo mmoja unaweza kuvunja kilichojengwa tangu kabla ya mwenye unyayo kuzaliwa.

Dai la 6: Hifadhi huwanyang'anya wavuvi bahari yao.

Kweli kwa sehemu. Kwenye mwamba wa magharibi hakuvuliwi, na kumfungia mvuvi eneo ni jambo zito. Ila upande huo ulikuwa hauvuliwi sana hata zamani, kwa kuwa umepakana na njia ya meli ambako vyombo vidogo vilizuiwa. Mjerumani Sibylle Riedmiller, aliyeuanzisha mradi wa hifadhi ya Chumbe mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliukuta mwamba ukiwa mzima. Walinzi wa kwanza wa hifadhi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi bunduki; kazi yao ni kuzungumza na wenzao.

Samaki nao hawana ua. Kwenye mwamba kuna aina zaidi ya 400 za samaki. Wakubwa hutaga kwa utulivu, na mayai huchukuliwa na mkondo hadi wanakovua wengine. Wanafunzi wa shule za Zanzibar hupelekwa kujifunza mwambani. Hata hivyo, bei ya kulala iko juu ya uwezo wa Wazanzibari wengi, na hilo lisifichwe.

Dai la 7: Haya yanawezekana Chumbe tu, kwa fedha za watalii.

Si kweli, na hili ndilo dai linaloniuma zaidi. Kukinga mvua kunahitaji paa, mfereji na tangi. Unguja kuna nyumba nyingi zenye mabati mazuri yasiyo na mfereji hata mmoja, na wenyewe hununua maji kwa dumu huku masika yakimwagika uani. Ukanda wa mahoteli huvuta maji ya ardhini bila kusita, na kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na bahari, chumvi hupanda. Msikiti, shule na hoteli zina mapaa mapana kuliko banda lolote la Chumbe. Tuanze na hayo kabla ya masika yajayo.